Maua ya Harusi: Mabichi au ya Bandia?



Msimu wa harusi unapokaribia, kamati nyingi hujadili chakula kwa saa nzima na maua kwa dakika tano za mwisho, wakati wajumbe wamekwisha kushika mikoba yao. Mmoja husema, "Hayo tumwachie mpambaji," kisha kikao hufungwa kwa sala. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe mpambaji huleta hesabu yake, na hapo ndipo mama wa binti anapokosa usingizi.

Mwezi huu tunataka kuyazungumza maua kwa nafasi, hasa kwa ajili ya akina mama wa Karatu, Rhotia, Oldeani na Mbulumbulu, pamoja na wenzetu wanaoishi ndani ya eneo la hifadhi la Ngorongoro. Mahali hapo pana baridi yake, vumbi lake na masharti yake, na ushauri unaomfaa mama wa Dar es Salaam huenda usiwafae wao.

Mabishano ya nyumbani tunayajua. Binti ameona picha katika simu, anataka mawaridi meupe. Shangazi anasema ya bandia ni bora kwa kuwa hayanyauki, tena yatabaki sebuleni kama kumbukumbu. Baba anauliza kwa nini fedha zitumike kwa kitu cha siku moja. Kila mmoja ana sababu yake. Sisi tunasema hivi: ua bichi hutaka muda na mikono ya watu, ua la bandia hutaka fedha, na baadaye hutaka mahali pa kuwekwa. Mama akijua ni kipi alicho nacho, amekwisha kupata nusu ya jibu.

MAPAMBO TULIYOKUWA NAYO

Wengine hudhani kwamba maua mabichi ni mambo ya wageni na ya hotelini. Lakini tangu zamani sherehe zetu zilipambwa kwa vitu vibichi. Wachaga wana isale, jani la amani na upatanisho. Kwa Wamaasai nyasi mbichi mkononi ni ishara ya amani na baraka. Huko pwani bibi harusi huvaa kikuba cha asumini na mrehani, na harufu yake hutangulia kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Vyote hivi vilichumwa karibu na nyumbani na watu waliomjua binti, na hakuna aliyeuliza bei yake.

Bwana wetu naye, alipotaka kuwafundisha watu wasihangaike juu ya mavazi, aliwaonyesha maua ya kondeni, ambayo hakuna aliyeyanunua. Kwa hiyo mama asione haya kupamba harusi ya mwanawe kwa kile kinachoota uani kwake.

TUYATAZAME YA BANDIA KWA HAKI

Maua ya bandia yana faida zake. Yanaweza kutayarishwa mwezi mzima kabla, hivyo wiki ya harusi mama anapumzika na jambo moja. Hayaogopi jua la saa nane wala safari ndefu. Yanaweza kukodishwa, na yakitunzwa yatapamba harusi nyingi. Kwa mtu ambaye maua humpigisha chafya na kumtoa machozi, ni nafuu kubwa.

Lakini mnunuzi awe na macho. Mengi yanayouzwa madukani kwetu hutoka China, nayo hayalingani kwa ubora. Kabla ya kulipa, chukua kitambaa cheupe kilicholowa maji, ufute ua jekundu au la zambarau. Kitambaa kikishika rangi, liache. Mvua ikimkuta bibi harusi akitoka kanisani, rangi hiyo itahamia kwenye gauni jeupe, na haitatoka. Kunja shina uone kama waya umechomoza, maana waya huchana shela na mikono. Nusa pia: maua yenye harufu kali ya rangi yaanikwe nje kivulini siku kadhaa.

Tena yaogopeni penye mishumaa. Kitambaa cha namna ya poliesta huyeyuka na kuwaka upesi. Arusi na arusi sasa zina mshumaa unaowashwa na maharusi wote wawili; uzungukeni na majani mabichi, na ya bandia yakae mbali.

Ya kukodi yaulizwe yameoshwa lini. Vumbi jekundu la Karatu huingia katika kila petali, na ukumbini kila mtu hulitambua ua lililokwisha kuhudhuria harusi kumi bila kuoga. Ukiyapata machafu, yatikise katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, yaning'inize yakauke kivulini.

BUSTANI YA HARUSI

Sasa tuje kwa maua mabichi, na hapa mama wa Karatu ana bahati ambayo pengine haioni. Mji wa Karatu uko juu, kama meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku ni wa baridi, na baridi ya usiku hulifanya ua lidumu. Tazameni bustani za hoteli kwenye mashamba ya zamani ya kahawa kule Oldeani. Udongo ule ndio ulio uani kwenu.

Halafu kuna muda. Kati ya siku ya kukubaliana mahari na siku ya harusi hupita miezi mitatu, minne, hata zaidi. Tunautumia muda huo kwa vikao tu, kumbe ni muda wa kutosha wa kuotesha maua. Zinia huchanua siku 60 hadi 70 tangu kupandwa mbegu. Kosmosi huenda karibu hivyo hivyo. Alizeti za mapambo huchukua miezi miwili hadi miwili na nusu. Gladiola, ambayo hupandwa kwa tunguu, huhitaji siku 70 hadi 90. Maana yake, mama aliyepanda mara baada ya mahari atakuwa na maua mkononi siku ya kumuaga binti.

Tuta la meta 2 kwa meta 5 linatosha miche 100 hivi ya zinia, ukiacha nafasi ya sentimeta 30 kati ya mche na mche. Miche ikifika urefu wa shibiri moja, kata ncha. Itatoa matawi, na kila tawi ni ua. Usipande siku moja tu. Panda sehemu ya kwanza, ngoja siku kumi, panda ya pili, kisha ya tatu. Kwa njia hiyo mvua ikiharibu yaliyotangulia, yatakuwapo yanayofuata.

Angalieni majira. Kwa harusi za Juni hadi Agosti ongezeni wiki mbili au tatu katika hesabu, kwa kuwa baridi huchelewesha mmea. Zinia haipendi baridi na ukungu. Miezi hiyo kosmosi ni afadhali, pamoja na yale mayungiyungi meupe yenye umbo la kikombe yanayoota penye majimaji. Tena miezi hiyo ni ya kiangazi. Maji yakiwa haba, tumieni yaliyosuuza mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi wala mafuta.

Majani nayo ni nusu ya pambo. Mgrevilea wa mpakani, asparagasi, rozmari, na majani ya migomba kwa ukumbi, vyote hivi mama anavipata bila fedha. Maua 20 yaliyopangwa na majani mengi yanapendeza kuliko maua 50 yaliyosongwa pamoja.

Tahadhari moja kwa wenye watoto: lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta ni sumu, na oleanda pia ni sumu, majani na maua. Yasiguse keki wala meza ya chakula. Yale mayungiyungi ya kikombe nayo huwasha mdomo yakitafunwa. Hata waridi la dukani lisiwekwe moja kwa moja juu ya keki, kwa maana limepuliziwa dawa.

KAMA NI LAZIMA YATOKE ARUSHA

Mawaridi mengi ya sokoni ni ya mashamba ya biashara. Pande za Tengeru na Usa River zimelima maua kwa miaka mingi, na jirani zetu wa Naivasha, Kenya, wanalima mengi zaidi ya kupeleka Ulaya. Maua hayo hukatwa yakiwa bado yamefumba, nayo huhitaji siku mbili hivi kufunguka. Kwa hiyo kwa harusi ya Jumamosi yachukueni Alhamisi. Ukiyapokea Jumamosi asubuhi, binti atatembea na vifundo.

Kutoka Arusha hadi Karatu ni kilomita 150 hivi, na tangu lami ya kutoka Makuyuni hadi geti la Ngorongoro ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, safari si taabu tena. Hatari iko njiani, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Gari husimama Mto wa Mbu, mahali penye joto, na kila abiria hununua ndizi, hasa zile nyekundu. Mkungu huwekwa nyuma pamoja na maua, na madirisha yanafungwa. Ndizi inayoiva hutoa hewa inayoharakisha uivaji, na hewa hiyo hiyo hulizeesha ua. Maua yanafika Karatu yamelegea, watu wanamlaumu muuzaji. Ndizi zipande kwenye gari lingine, au zingoje safari nyingine.

USIKU WA KUAMKIA HARUSI

Ua lolote, la dukani au la bustanini, linataka mambo haya:

1. Kateni alfajiri au jioni, kamwe si mchana. Ndoo ya maji iende bustanini, ua lisingoje.

2. Kateni shina kwa mshazari na kisu kikali. Ondoeni majani yote yatakayozama, maana huoza na kuchafua maji.

3. Ndoo ioshwe kama sufuria ya maziwa. Kwa kila lita moja ya maji tieni kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone machache ya jiki. Sukari hulilisha ua, jiki huzuia uozo.

4. Yalale usiku kucha mahali penye baridi na giza, mbali na jiko na mbali na matunda.

5. Mayungiyungi yenye vumbi la rangi ya kutu katikati yaondolewe vile vichwa vya unga mapema. Unga huo ukigusa gauni, usiufute kwa maji. Unyanyueni kwa utepe wa gundi.

Wapambaji wengi huchomeka maua kwenye sifongo la kijani. Nalo ni namna ya plastiki, haliozi. Waya wa banda la kuku uliokunjwa ndani ya chombo, au kokoto safi, hushika maua vizuri vile vile, na utatumika tena.

HARUSI NDANI YA NGORONGORO

Wenzetu wa Endulen, Nainokanoka na kwingineko ndani ya hifadhi wana hali ya pekee. Kilimo hakiruhusiwi humo, na kuchuma mimea ya hifadhini ni kosa, hata ua liwe dogo namna gani. Bustani ya harusi tuliyoieleza haiwahusu. Maua mabichi yatatoka Karatu, yapite getini, yapande msitu wenye ukungu hadi ukingo wa kreta, kisha yateremke kwenye vumbi na upepo wa nyanda. Yafungwe kwenye karatasi, mashina ndani ya ndoo, na gari litoke mapema.

Kwa harusi kama hizo hatuoni aibu kusema kwamba ya bandia yana nafasi yake ukumbini. Lakini lisibaki hata jani. Ng'ombe na mbuzi hula plastiki, ikawakaa tumboni na kuwaua, na wanyama wa porini nao huila. Mwaka 2019, kuanzia tarehe 1 Juni, nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Ua la plastiki lililopeperushwa hadi malishoni lina madhara yale yale. Na maua mabichi yenye mbegu yasitupwe huko, kwa sababu wahifadhi wanapambana na mimea vamizi kwa miaka mingi. Vyote virudi vilikotoka.

Tena tusisahau kwamba mama wa Kimaasai ana pambo la tatu, ambalo si bichi wala si la dukani: ushanga. Binti aliyevaa shanga zilizoshonwa na mama na mama zake wadogo hana upungufu wowote mbele ya altare. Akishika kishada kidogo cha maua mabichi, inatosha. Asipokishika pia inatosha.

YAWEKWE WAPI?

Watu wengi hudhani ni lazima kuchagua moja tu. Sivyo. Angalieni jicho linakaa wapi. Kinachotazamwa kwa karibu na kunuswa kiwe kibichi: shada la bibi harusi, maua ya kifuani, maua ya kanisani na ya meza kuu. Kinachotazamwa kwa mbali kinaweza kuwa cha bandia cha kukodi: tao la mlangoni, dari ya ukumbi, nguzo. Gari la maharusi lifungwe utepe tu, kwani kati ya Rhotia na Karatu upepo utalivua kila ua.

Kabla ya kupamba kanisa, ongeeni na padre, mchungaji au mwinjilisti wenu. Katika Kanisa Katoliki mwongozo wa Misa unataka maua yawe ya kiasi na yawekwe kuzunguka altare, si juu ya meza yake. Na wakati wa Kwaresima altare haipambwi maua, isipokuwa Dominika ya nne na sikukuu kubwa. Madhehebu mengine yana desturi zao. Kuuliza mapema huzuia kuondoa maua mlangoni.

KAULI YA BINTI NA MFUKO WA MAMA

Hapa ndipo penye uzito. Tumchukue mama ambaye michango imekusanywa, chakula kimelipwa, na mpambaji anataka fedha ambazo hazipo. Binti analia, "Mama, wenzangu wote waliolewa na mawaridi." Mama anawaza kwenda kukopa kwenye VICOBA, akitumaini michango iliyochelewa itafika. Akina mama, tusidanganyane. Ahadi nyingi za michango huisha siku ya harusi, na deni hubaki na mama. Litakatwa kwenye mahindi, kwenye vitunguu vya Mang'ola, au kwenye ada ya mdogo wake bibi harusi.

Ushauri wetu ni huu: maua yasikopewe kamwe. Chakula mtu anaweza kukikopea kwa kuwa wageni wamekwisha kualikwa. Ua halina mgeni anayelala njaa. Na jambo hili aambiwe binti mapema, kwa upole, si wiki ya mwisho mbele ya matroni. Kaa naye jikoni, mwambie, "Mwanangu, fedha za maua ni hizi. Tukinunua mawaridi mia mbili, godoro lenu litangoja. Tukinunua ishirini ya shada lako, mengine nitayapanda mwenyewe." Mabinti wengi wanaelewa wakionyeshwa hesabu. Asiyeelewa, afadhali alie leo kwa ajili ya maua kuliko mwakani kwa ajili ya unga.

Upande wa bwana harusi nao waambiwe wazi. Mashindano kati ya familia mbili huanzia kwenye mapambo, na binti huyabeba hadi nyumbani kwa mama mkwe.

Vikundi vya akina mama kanisani vinaweza kusaidia sana. Kikundi kikichanga na kununua seti moja nzuri ya maua ya bandia, kikaitunza sandukuni na kuazimana wanachama, hakuna atakayekodi tena kwa bei ya kuumiza. Na wanachama sita wakipanda tuta moja moja, wamepata maua ya kanisa zima. Kazi ya kufunga mashada Ijumaa jioni, akina mama wakiimba, ni zawadi ambayo bahasha ya mchango haiwezi kuileta.

BAADA YA HARUSI

Maua mabichi yapelekwe Jumapili kanisani, au kwa wagonjwa hospitalini baada ya kuwauliza wauguzi. Yakinyauka, yaende kwenye shimo la mbolea. Zinia na kosmosi zilizobaki bustanini ziachwe zikauke, mbegu zikusanywe katika bahasha ya karatasi na kuandikwa mwaka. Mpe binti nusu yake aende nazo kwake. Ya bandia yahesabiwe, yaoshwe, yarudi sandukuni. Yaliyovunjika yasichomwe moto uani, maana moshi wake si mzuri kwa watoto.

Basi, akina mama, mwenye miezi mitatu na tuta moja apande. Mwenye fedha taslimu na hana nafasi, anunue au akodi bila kuona haya. Asiye na kimojawapo, akate majani ya mgrevilea na nyasi za kijani, apambe kwa moyo mweupe. Ndoa haijawahi kuvunjika kwa kukosa waridi. Lakini zimekuwapo nyumba zilizoanza na madeni ya sherehe, na mnajua wenyewe zilivyohangaika.

Kamati yenu inayofuata, yatajeni maua mwanzoni mwa kikao, kabla ya pilau. Mpaka mwezi ujao, Mungu awalinde pamoja na jamaa zenu.